Chagua Kiumbe Kabla ya Taa: Mwongozo wa Kuangaza Tangi la Maji ya Bahari Ukiwa Nakuru

Mteja akiingia duka la samaki wa mapambo, swali lake la kwanza huwa, "Taa ya wati ngapi itanitosha?" Muuzaji naye humwonyesha ile iliyo kwenye rafu. Basi mteja huenda nyumbani na taa iliyo kali mno kwa samaki wake wawili, au hafifu mno kwa matumbawe anayotamani kuyafuga. Baada ya miezi michache vioo vimeota mwani na lawama zote zinaangukia samaki.

Wati ni swali la pili. La kwanza ni hili: ndani ya tangi lako, nani atakayeishi kwa mwanga huo? Ukilijibu hilo, hesabu nyingine zote zinakuwa nyepesi, na mara nyingi zinakuwa rahisi kwa mfuko pia.

Kwa nini mwanga ni jambo zito kwenye maji ya chumvi

Samaki hali mwanga. Anauhitaji ili ajue mchana na usiku, aone chakula, na wewe umwone. Taa ndogo ya kawaida inamtosha.

Tumbawe ni habari nyingine. Ni mnyama, lakini ndani ya nyama yake unaishi mwani wa seli moja ambao hutengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula. Ukimnyima mwanga unamnyima mlo. Ukimzidishia, ule mwani hutoa kemikali zinazomchoma mwenyeji, naye huutapika nje na kubaki mweupe. Joto nalo huleta matokeo hayo hayo: mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño, matumbawe ya pwani ya Kenya yalipauka kwa wingi na mengi yakafa.

Rangi ya mwanga ina uzito wake pia. Maji humeza mwanga mwekundu katika mita chache za juu, na buluu ndiyo inayofika chini. Mwani wa matumbawe umezoea kula hiyo buluu, hasa ya urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 480. Ndiyo maana matangi ya bahari huangazwa kwa mwanga wa kibuluu ambao sebuleni huonekana wa ajabu kidogo. Balbu ya nyumbani yenye mwanga wa manjano, ya kelvini 3,000 hivi, hupoteza nguvu nyingi mahali ambapo tumbawe halina mdomo.

Kwa sababu hiyo hiyo, usinunue taa kwa kuangalia lumeni. Lumeni hupima mwanga kama jicho la binadamu linavyouona, na jicho letu hupendelea kijani na manjano. Kipimo unachotaka ni PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao mimea na mwani vinaweza kuutumia, unaohesabiwa kwa maikromoli kwa mita mraba kwa sekunde. Jua la saa sita kwenye ikweta hufika karibu 2,000. Tangi la nyumbani halihitaji hata robo ya hapo.

Kipimo hicho si kigeni katika Bonde la Ufa. Wataalamu wa mashamba ya maua kule Naivasha hukitumia kujua waridi yanapata mwanga kiasi gani chini ya nailoni. Kama una ndugu au jirani anayefanya kazi huko, muulize kama anaweza kukuazima kifaa chake. Hakikisha tu kama kimetengenezwa kuzamishwa majini. Kama sivyo, pima ukiwa umekishika juu ya maji tu.

Mambo ya Nakuru ambayo vitabu vya ng'ambo havikuambii

Miongozo mingi imeandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari, katika nchi ambazo stima haipotei. Sisi tuko mita 1,850 juu ya bahari. Hilo linabadilisha mambo kadhaa.

*Hewa.* Katika mwinuko huu hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Mchana taa ikiwaka, mwani hutoa oksijeni. Usiku kila kiumbe tangini huivuta. Saa za hatari ni alfajiri, kabla taa haijawaka. Pampu ya kutikisa uso wa maji haizimwi usiku, hata kama mlio wake unaudhi. Hewa nyepesi pia hupoza vifaa vibaya, kwa hiyo taa yenye feni iwe na nafasi ya kupumua juu na pembeni.

*Baridi.* Viumbe wa bahari yetu hutaka maji ya nyuzi 25 au 26 za Selsiasi. Usiku wa Juni na Julai, Nakuru au Njoro, sebule haifiki hapo, na Molo usiseme. Wapo wanaonunua taa za metali halaidi kwa hoja kwamba joto lake litasaidia. Haisaidii. Taa hiyo huchemsha maji mchana na kuyaacha yapoe usiku, na kupanda na kushuka huko ni kubaya kuliko baridi yenyewe. Joto ni kazi ya hita yenye themostati.

*Maji.* Hapa ndipo taa husingiziwa zaidi. Maji ya visima vya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi na silika nyingi. Silika ni chakula cha ule mwani wa kahawia unaofunika mchanga na vioo kama vumbi. Mfugaji akiuona hudhani taa ni kali, anaipunguza, mwani hauondoki, anaipunguza tena. Dawa yake ni kuchuja maji kwa mtambo wa osmosi rejea wenye hatua ya mwisho ya resini kabla ya kutia chumvi ya akwariamu. Kipimo cha chumvi zilizoyeyuka kinapaswa kusoma sifuri, au karibu yake. Chumvi ya mezani yenye madini ya joto haifai, na maji ya Ziwa Nakuru ndiyo kabisa: yale ni ya magadi, pH yake huzunguka 10, wakati bahari iko kwenye 8.1 hadi 8.4.

*Jua.* Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la mchana huwa juu ya paa na madirisha ya kaskazini na kusini hayaleti shida kubwa kwa nyumba yenye ukingo wa mabati wa kutosha. Wasiwasi uwe kwa dirisha la mashariki na la magharibi. Jua la asubuhi au la jioni huingia hapo mlalo mwaka mzima, likipasha maji joto na kulisha mwani upande mmoja wa kioo. Weka tangi mbali na madirisha hayo. Kama ukuta ni huo mmoja tu, weka pazia zito.

*Stima.* Nitaifikia mwishoni, kwa sababu inastahili sanduku lake.

Hatua ya 1: Andika nani ataishi humo

Chukua karatasi. Andika viumbe unaotaka kuwafuga mwaka huu, si wale unaoota kuwafuga siku moja. Kisha tafuta walipo hapa chini.

> MWANGA WANAOUHITAJI (PAR, mahali kiumbe alipo)
>
> Samaki na mawe tu: 20 hadi 50. Taa yoyote nzuri inatosha.
>
> Matumbawe ya uyoga na mengine laini ya kivulini: 50 hadi 100.
>
> Zoanthus, Euphyllia na wenzao wenye nyama nono: 75 hadi 150.
>
> Anemoni wakubwa na makombe ya Tridacna: 200 hadi 300.
>
> Acropora na matumbawe mengine ya matawi membamba: 250 hadi 350.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kubaki mstari wa kwanza kwa mwaka mzima. Samaki wa pwani yetu wanatosha kupendeza sebule: kitatange mdogo wa Afrika Mashariki, Centropyge acanthops, mwenye mgongo wa rangi ya chungwa na tumbo la buluu, Pseudanthias, na samaki wa anemoni. Ikiwa watoto wanadai Nemo, waambie kwamba kufanana kwa yule wa filamu ya 2003 na samaki wa kwetu si bahati tu. Wa aina yake, Amphiprion ocellaris, hapatikani katika bahari yetu, lakini ndugu zake A. allardi na A. akallopisos wako pwani ya Kenya. Nao hawahitaji anemoni ili waishi tangini. Watu wengi hununua taa kubwa kwa ajili ya anemoni ambaye samaki hakumwomba.

> ONYO: MATUMBAWE NA SHERIA
>
> Usibebe tumbawe hai, jiwe hai wala anemoni kutoka ufukweni. Katika hifadhi za taifa za baharini za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, na kule Kisite, kuchukua chochote ni kosa. Matumbawe magumu na makombe ya Tridacna yako pia katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, kwa hiyo yale yanayovuka mpaka lazima yawe na vibali. Mwombe muuzaji akuonyeshe karatasi. Akianza kuzungukazunguka, ondoka. Hakuna haja ya kununua taa ya Acropora kama huna njia halali ya kupata Acropora.

Hatua ya 2: Pima tangi

Vipimo vitatu vinatosha: urefu, upana, na kina kutoka uso wa maji hadi mchanga.

Urefu na upana vitakuambia idadi ya taa. Taa moja ya LED ya kiasi huangaza vizuri eneo la takriban sentimita 60 kwa 60. Tangi la futi mbili linahitaji moja. La futi nne linahitaji mbili. La futi tatu liko katikati: kwa samaki na matumbawe laini moja inatosha ukiyapanga mawe katikati, lakini kwa matumbawe ya mwanga mkali nunua mbili, maana pembe zitabaki gizani.

Kina kitakuambia nguvu. Mwanga hupungua kadiri unavyoshuka, na tangi la sentimita 60 kwenda chini hulazimisha taa ya gharama kubwa zaidi ili sakafu ipate kitu. Kama bado hujamwagiza fundi wa vioo, mwambie kina cha sentimita 45 na aongeze upana. Utapata nafasi ya mawe, mkono wako utafika chini bila kulowesha kwapa, na utaokoa pesa za taa.

Hatua ya 3: Chagua aina ya taa

*LED* ndiyo jibu kwa watu wengi. Inakula stima kidogo, haipashi maji joto sana, inapunguzwa na kuongezwa nguvu, na watengenezaji wengi hutaja maisha ya saa 50,000. Zipo za madaraja mawili. Zile za kampuni zinazofahamika kama EcoTech, AquaIllumination na Kessil huja na grafu ya rangi za mwanga na programu ya simu, na bei yake inaweza kuzidi ya tangi lenyewe. Zile za masanduku meusi kutoka China ni za bei ya chini na hukuza matumbawe vizuri, ila feni zake huchoka mapema na mwanga wake hurundikana katikati. Kwa Nakuru ningechukua sanduku jeusi lenye vitufe viwili, kimoja cha buluu na kimoja cha nyeupe, mradi fundi wa hapa anaweza kulifungua na kubadilisha feni. Taa ya bei ghali ambayo spea yake inasubiriwa kutoka ng'ambo kwa wiki sita ni mzigo.

*Mirija ya T5* hutawanya mwanga sawasawa kuliko taa nyingine yoyote, bila madoa ya kivuli. Tatizo ni kwamba mirija hubadilishwa kila baada ya miezi 9 hadi 12, kwa sababu rangi yake hubadilika kabla jicho halijagundua. Zaidi ya hayo, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana Novemba 2023 kuondoa mirija ya kawaida ya floresenti sokoni ifikapo 2027. Hata kama mirija maalumu ya akwariamu itaendelea kutengenezwa, usijenge tangi juu ya kitu kinachopungua madukani.

*Metali halaidi* ilikuwa mfalme wa zamani. Mpishe.

*Taa za mafuriko za nje*, zile LED nyeupe za kuangaza boma, watu huzijaribu. Kwa samaki peke yao zinafaa, ukichagua za kelvini 6,500 na kuziweka mbali na mnyunyizo wa maji. Kwa matumbawe hazina buluu ya kutosha.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya tokeni

Toa risiti yako ya tokeni ya mwisho. Gawanya shilingi ulizolipa kwa yuniti ulizopewa. Hiyo ndiyo bei yako halisi, kodi na makato yote ndani. Kisha: wati × saa za siku × 30 ÷ 1,000 = yuniti za mwezi.

Tuchukue shilingi 30 kwa yuniti, kwa ajili ya mfano tu:

- LED ndogo ya samaki, wati 20, saa 8: yuniti 4.8, shilingi 144 kwa mwezi.
- LED ya wati 90, saa 10, kwa wastani wa asilimia 60 ya nguvu: yuniti 16.2, shilingi 486.
- T5 nne za wati 39, saa 10: yuniti 46.8, shilingi 1,404.
- Metali halaidi ya wati 250, saa 10: yuniti 75, shilingi 2,250.

Sasa ongeza hita. Hita ya wati 200 ikiwaka nusu ya siku hula yuniti 72 kwa mwezi, karibu sawa na ile metali halaidi. Katika hali ya hewa yetu, mara nyingi hita ndiyo inayokula tokeni. Kubandika ubao wa foamu nyuma na chini ya tangi kutakuokolea pesa nyingi kuliko kubishana juu ya wati kumi za taa.

Hatua ya 5: Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Iwe unanunua Nakuru, unaagizia Luthuli Avenue Nairobi, au mtu anakuletea kutoka Dubai, beba orodha hii:

☐ Inafanya kazi kwa volti 240 na hezi 50? Taa kutoka Marekani huenda ikawa ya volti 120 pekee.

☐ Buluu na nyeupe zinaongozwa mbalimbali?

☐ Inakula wati ngapi *kwenye soketi*? Sanduku huandikwa wati 165 na taa ikala karibu 100. Omba ichomekwe kwenye kipima wati mbele yako.

☐ Mwili wake ni wa alumini iliyopakwa, na skrubu zake ni za chuma kisichoshika kutu? Hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida kwa miezi.

☐ Feni na kibadilisha umeme vinapatikana kando?

☐ Mtengenezaji ana mchoro wa PAR wa taa hiyo? Ikiwa upo, angalia usomaji wa kwenye kina chako, si ule wa juu.

☐ Dhamana ni ya nani: ya duka hili, au ya kiwanda kilicho bara jingine?

Taa iliyotumika si mbaya. Iwashe nguvu zote kwa dakika kumi, tazama kama kuna vidoa vya LED vilivyokufa, sikiliza feni, na upitishe kidole kwenye viungo kutafuta unga mweupe au wa kijani. Huo ni mwanzo wa kutu.

Hatua ya 6: Kuiweka

1. Mwambie fundi wa jua kali akuchomelee mkono wa kuning'inizia kwa bomba la chuma lililopakwa zinki, kisha avipake rangi viungo vyote alivyochoma. Chuma kilicho uchi kitadondosha kutu majini.

2. Ning'iniza LED sentimita 20 hadi 30 juu ya maji. Chini ya hapo utapata doa la moto katikati na giza pembeni. Juu ya hapo mwanga utaenda kwenye makochi.

3. Tumia wavu mwembamba kufunika tangi badala ya kioo. Samaki wengi wa bahari huruka, kwa hiyo kifuniko ni lazima, lakini kioo hushika utando wa chumvi unaokula mwanga, na pia huzuia hewa.

4. Acha waya wa taa ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi. Tone la maji likifuata waya litadondoka sakafuni, halitaingia kwenye soketi.

5. Ekstensheni ifungwe ukutani, juu ya usawa wa maji. Isilazwe sakafuni chini ya meza ya tangi.

> HATARI
>
> Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Kabla ya kutia maji, mwite fundi wa stima mwenye leseni athibitishe kwamba nyumba ina waya wa ardhi na afunge kikata umeme cha miliampia 30 kwenye mstari wa tangi. Nyumba nyingi za kupanga hazina. Na kila unapotia mkono majini, zima swichi za ukutani kwanza, pamoja na ya hita.

Hatua ya 7: Saa za kuwasha na kuzoeza

Wiki nne hadi sita za kwanza, wakati bakteria wa kuvunja amonia wanaota kwenye mawe, zima taa. Hakuna anayeihitaji. Kuiwasha wakati huo ni kupanda mwani.

Baada ya hapo, saa 8 kwa samaki, saa 9 au 10 kwa matumbawe. Saa hizo si lazima zifuate jua. Kama nyumba iko tupu hadi jioni, panga hivi: buluu iwake saa sita mchana, nyeupe iongezeke kuanzia saa nane, nyeupe ishuke saa mbili usiku, buluu izime saa nne. Familia itaketi na tangi likiwa kwenye uzuri wake, na viumbe hawatajua tofauti.

Nguvu ya taa ndiyo inayoua. Matumbawe yakifika yamesafiri gizani, pengine siku mbili. Fuata ratiba hii:

- Wiki ya 1: asilimia 20 hadi 30 ya nguvu, matumbawe yote yakiwa kwenye mchanga.
- Kila wiki inayofuata: ongeza asilimia 5, si zaidi.
- Simama pale matumbawe yanapofunguka vizuri na kushika rangi. Huenda ikawa asilimia 50. Hakuna tuzo ya kufika 100.
- Hapo ndipo uyapandishe kwenye mawe, kidogo kidogo.

Kama taa haina taima yake, nunua ya plagi yenye betri ndani. Taima za kuzungusha kwa mkono husimama stima ikipotea, na baada ya mwezi wa kukatikakatika tangi lako linakuwa na mchana saa nane usiku.

Kusoma dalili

Tumbawe linalobadilika kuwa la kahawia kwa kawaida linapata mwanga mdogo. Mwani wake umejiongeza ili ushike kila kilichopo. Linalopauka kuanzia juu limezidishiwa. Zoanthus wakirefuka shingo wanautafuta mwanga, na uyoga akijikunja kama kikombe na kusinyaa anaukimbia. Dalili ikitokea, badilisha kitu kimoja tu na usubiri wiki mbili. Anayegusa taa, chumvi na chakula siku hiyo hiyo hatajua kilichomsaidia.

Mwani wa kijani wenye nywele mara nyingi unasema unalisha kupita kiasi. Wa kahawia kama vumbi, rudi kwenye maji. Utando mwekundu au wa zambarau unaochubuka kama ngozi hupenda mahali maji yasipotembea, kwa hiyo geuza pampu kabla ya kugusa taa.

Kila wiki mbili, zima taa, iache ipoe, na uifute lenzi kwa kitambaa kilicholowa maji yaliyochujwa. Chumvi iliyoganda hutoka kwa siki kidogo. Mfugaji anayesahau kufuta hulalamika kwamba taa imechoka.

> STIMA IKIPOTEA
>
> Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani usiku mzima, nasi tunaoishi jirani na mvuke wa Olkaria hatukusazwa. Jiandae hivi:
>
> 1. Betri na inveta ni za pampu kwanza. Samaki wanaweza kufa kwa kukosa oksijeni ndani ya saa chache, na katika mwinuko huu saa hizo ni chache zaidi. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni akiba ya bei nafuu.
>
> 2. Hita ni ya pili, betri ikiruhusu. Haiwezekani? Funika tangi kwa blanketi pande zote, uache juu wazi.
>
> 3. Taa ni ya mwisho. Matumbawe yenye afya huvumilia siku mbili tatu za giza. Usipoteze betri kuyaangazia.
>
> 4. Chomoa taa mara stima inapopotea. Ikirudi huja na msukumo unaounguza kibadilisha umeme. Kifaa cha kulinda friji, kile kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha stima, kinafaa pia kwa taa.
>
> 5. Usiwalishe samaki wakati wa giza. Chakula kisicholiwa huoza na kula oksijeni iliyobaki.
>
> 6. Giza likizidi siku mbili, washa upya kwa nusu ya nguvu za kawaida, kisha panda kwa asilimia 10 kila siku hadi ulipokuwa.